Filta mbili za mawe, majitaka yale yale: kwa nini moja imemwaga utando wote na nyingine iko shwari?

#1 ZamuYaUsiku

Wakuu, salaam. Nafanya kazi kwenye mtambo wa majitaka wa mji mmoja wa nyanda za juu hapa Kenya, jina nisilitaje. Tuna filta mbili za mawe za duara, zilijengwa wakati mmoja, kina sawa, mawe yalitoka chimbo moja. Majitaka yakishatuama kwenye tangi la kwanza yanaingia kisanduku cha kugawia, nusu huku nusu kule, kisha mikono inayozunguka inayamwaga juu ya mawe.

Kwa asiyejua: ukisikia filta usidhani mawe yanachuja. Mapengo kati ya jiwe na jiwe ni makubwa, uchafu unapita. Kazi yote inafanywa na utando wa bakteria ulioota juu ya mawe. Maji yanateleza juu yake, wao wanakula kilichoyeyuka ndani, hewa inapita kwenye mapengo.

Sasa, Filta 2 imemwaga. Asubuhi nimefika zamu nikakuta tangi la mwisho limejaa vipande vya utando, vingine upana wa kiganja. Upande wa nje kahawia, upande uliokuwa umeshika jiwe mweusi tii. Amonia inayotoka Filta 2 sasa inakaribia ile inayoingia, maana yake hakuna anayeigusa. Filta 1, hatua chache pembeni, haina habari.

Kumwaga kidogo kidogo ni kawaida, tunaona kila siku. Ninachouliza ni kwa nini kwa mkupuo, na kwa nini moja tu. Mkubwa wangu anasema mvua. Fundi anasema kuna sumu imeingia. Mimi hakuna jibu lililonitosha.

#2 Chura_wa_Masika

Nimekaa siti ya mbele. Weka picha mkuu.

#3 Mto_Tana

Mkubwa wako yuko sahihi. Miji yetu mifereji ya mvua na bomba za majitaka zimeingiliana, watu wanafungua mifuniko ya chemba ili ua usifurike. Mvua kubwa ikinyesha maji yanayofika mtamboni yanaongezeka mara kadhaa, yanasukuma, utando unabanduka. Mbona rahisi.

#4 ZamuYaUsiku

@Mto_Tana mvua ingepiga zote mbili. Kisanduku kinagawa sawa, nimepima kina cha maji kwenye ncha zote mbili za kutokea.

#5 Bint_Pangani

Habari za zamu, kaka. Nilisoma maikrobaiolojia, kwa hiyo nianze na hao wanaoishi humo, maana sababu nyingi zitakazotajwa hapa zinapitia kwao.

Utando huo ni mji wenye mitaa. Bakteria wenyewe ni sehemu ndogo ya uzito wake. Sehemu kubwa ni maji na ute wanaoutoa wenyewe, sukari ndefu ndefu na protini, ndio gundi inayowashika kwenye jiwe na kuwashikanisha. Oksijeni inaingia kutoka juu na inaliwa njiani. Kwenye majitaka ya mji inafika kama sehemu ya kumi au mbili za kumi za milimita, basi, imekwisha. Utando wako ukiwa na unene wa milimita mbili au tatu, sehemu kubwa haijaona oksijeni muda mrefu.

Juu kabisa wanakaa wale wanaokula uchafu wa chakula, mafuta na sabuni. Hao wanazaana haraka, saa chache tu wamekuwa mara mbili. Wanaobadili amonia ni wa polepole sana, siku nzima au zaidi kuongezeka mara mbili, tena wakisongamana na wale wa haraka wananyimwa oksijeni. Ndiyo maana kwenye filta ya mawe utawakuta zaidi sehemu ya chini, ambako chakula kimeshapungua. Chini kabisa ya utando, penye giza la oksijeni, wapo wanaopumua naitreti na wanaopumua salfeti. Hao wa salfeti wanatoa ile gesi ya yai viza, nayo ikikutana na chuma kilichomo majini inatoa weusi ulioueleza.

Weusi upande wa jiwe unanipa jibu hili: utando ulinenepa mno, walio chini wakakosa oksijeni na wakakosa chakula pia, wakafa na kuanza kuoza, gundi ikaachia. Hapo hata maji ya kawaida yanatosha kuuangusha.

#6 Mwanafunzi_Mwaka3

Asante dada. Sisi tumefundishwa Nitrosomonas anageuza amonia kuwa naitraiti, kisha Nitrobacter anaimalizia kuwa naitreti. Hao ndio unaowasema?

#7 Bint_Pangani

Nitrosomonas sawa. Nitrobacter amebaki vitabuni kuliko mitamboni. Tangu miaka ya 1990, walipoanza kuwatambua bakteria kwa vinasaba badala ya kuwaotesha maabara, imeonekana kwamba kwenye mitambo mingi ya majitaka anayefanya hatua ya pili ni Nitrospira. Nitrobacter anakubali kuota kwenye sahani ya maabara, ndiyo maana akajulikana mapema. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yakaonyesha kwamba wapo Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao, amonia mpaka naitreti. Kabla ya hapo tangu enzi za mtafiti Winogradsky, miaka ya 1890, ilikuwa inaaminika lazima wawe wawili.

#8 Fundi_Beringi

Nimeheshimu elimu ya dada, lakini swali la jamaa ni kwa nini filta MOJA. Mkuu @ZamuYaUsiku, mkono wa Filta 2 unazunguka kwa kasi gani ukilinganisha na wa Filta 1? Na umewahi kuguswa karibuni?

#9 ZamuYaUsiku

Swali zuri fundi. Beringi ya Filta 2 ilibadilishwa kabla ya masika. Ilikuwa imechoka, mkono ukikokota kama mzee. Sasa unaenda haraka, takriban mzunguko kila dakika. Wa Filta 1 ni wa polepole sana, beringi yake nayo imechoka, ipo kwenye bajeti.

#10 Fundi_Beringi

Basi mwizi nimemshika. Wajerumani wana hesabu yao ya nguvu ya kusuuza: milimita ngapi za maji zinaanguka mahali pamoja kila mkono mmoja unapopita. Tuchukulie filta inapokea nusu mita ya maji kwa saa juu ya eneo lake lote, na ina mikono minne. Ikizunguka mara moja kwa dakika, kila jiwe linapitiwa mara 240 kwa saa. Gawa milimita 500 kwa 240, unapata kama milimita 2. Hicho ni kinyunyu. Hakiondoi kitu, kinalisha tu.

Ikizunguka mara moja kwa dakika kumi, jiwe linapitiwa mara 24, kila mkono ukipita zinashuka kama milimita 21 kwa mpigo. Hapo utando wa ziada unasuuzwa kila wakati, unabaki mwembamba. Filta 1 yako ni mbovu na ubovu wake ndio unaoiokoa. Filta 2 mmeitengeneza, mkaanza kuinenepesha mpaka ikaanguka yenyewe.

Usibadilishe hiyo beringi ya Filta 1 kabla hujaongea na mtu anayejua kupunguza mwendo. Kuna mitambo wanageuza baadhi ya nozeli, vile vinywa vya mkono vinavyomwaga maji, zitazame upande wa mbele wa mkono ili kuuzuia kasi.

#11 Chura_wa_Masika

Kwa mara ya kwanza nasikia beringi mbovu ikipewa tuzo.

#12 Bint_Pangani

@Fundi_Beringi hiyo inakwenda vizuri na weusi wa #1. Unene kwanza, kisha njaa chini, kisha kuachia. Ila nina swali: hiyo beringi ilipobadilishwa, Filta 2 ilikaa bila maji muda gani?

#13 ZamuYaUsiku

Siku kadhaa. Spea ilichelewa kutoka Nairobi. Juu mawe yalikauka kabisa, jua lilikuwa kali.

#14 Bint_Pangani

Hapo sasa. Utando ukikauka ute unajikunyata na kupasuka. Ukirudishiwa maji, utando mpya unaota juu ya mabaki ya wafu. Nyumba imejengwa juu ya udongo uliooza. Kwa nje unaona kahawia yenye afya, chini hakuna kilichoshika. Naweka hii pembeni ya ile ya fundi, siwezi kuchagua bila kuona.

#15 Mto_Tana

Mimi bado niko na mvua yangu. Utando dhaifu + maji mengi. Filta 1 ilikuwa na utando imara ikastahimili, Filta 2 haikustahimili. Mmeongeza maneno tu juu ya nilichosema #3.

#16 NairobiMashariki

Ngoja niulize wataalamu, kwani filta za mawe bado zinatumika? Nairobi nzima ni mabwawa ya Ruai. Mbona miji mingine inahangaika na beringi?

#17 Kayole_Junction

@NairobiMashariki si kweli mkuu. Mabwawa ni ya Dandora, yale yaliyoko Ruai, na ndiyo makubwa. Lakini Kariobangi kuna mtambo wenye filta za mawe tangu miaka ya 1960, unapokea sehemu ya majitaka ya Eastlands. Kisumu vilevile, Kisat ni filta za mawe na Nyalenda ni mabwawa.

#18 Kigogo_Bonde

Dar sisi ni mabwawa. Vingunguti yapo, yanaishia Mto Msimbazi. Hakuna umeme, hakuna beringi, jua na mwani vinafanya kazi. Tatizo ni ardhi. Mji umeyafuata mabwawa mpaka ukutani, leo hakuna pa kuyapanua. Filta inakaa kwenye uwanja mdogo. Ila hata mabwawani bakteria wa kwenye utando wapo, kwenye kuta na kwenye mawe ya kingo. Ni wachache tu kwa ujazo wa maji.

#19 Mutungo_Hill

Kampala hapa. Bugolobi ya zamani, ya miaka ya 1940, ilikuwa filta za mawe. Mpya imejengwa kwa lita milioni 45 kwa siku, na gesi ya tope inaendesha majenereta. Lakini kwa miaka mingi aliyeibeba Kampala mgongoni ni mafunjo ya bwawa la Nakivubo. Yale mafunjo yanaelea, mizizi inaning'inia majini, na kila mzizi umevaa utando kama huo wa kwenye mawe yako. Maji machafu yanapita chini ya mkeka wa mizizi kabla ya kuingia Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na huko Ggaba ndiko jiji linakochota maji ya kunywa. Watu wakayakata wakalima magimbi. Ukiondoa mafunjo hujaondoa majani tu, umebomoa mtambo ambao hakuna aliyeulipia.

Inaniuma mpaka leo, samahani kwa kutoka nje ya mada.

#20 Kigogo_Bonde

Hujatoka nje. Hata mabwawa ya mimea yaliyojengwa kwa kokoto na matete, Chuo Kikuu cha Dar wameyafanyia kazi miaka mingi, wafanyakazi ni hao hao. Watu wanayasifia matete, sifa nyingi ni za wanaoishi kwenye kokoto.

#21 Mkulima_wa_Sato

Wakuu mimi nafuga sato kwenye matangi, maji yanazunguka. Filta yangu ni pipa lenye vifuniko vya chupa za soda, maelfu, na pampu. Bakteria wale wale wa amonia. Niliwahi kusafisha vifuniko vyote kwa maji ya bomba yenye klorini nikidhani nafanya usafi. Samaki wakaanza kupumulia juu, nikapoteza wengi. Kwa hiyo mimi naunga mkono sumu. Kitu kidogo sana kinawaua hawa bakteria wa amonia, wakati wale wengine hata hawastuki.

#22 Msomaji_Kimya

Naunga mkono @Mkulima_wa_Sato. Mji wenye gereji, wachovya chuma kwenye kromi na watengeneza betri, utakosaje sumu? Na magari ya kunyonya majitaka yanamwaga usiku kwenye chemba yoyote iliyo wazi, dereva hajui alichobeba.

#23 ZamuYaUsiku

Ndio anachosema fundi wetu. Lakini narudi palepale, sumu ingeingia zote mbili.

#24 Msomaji_Kimya

Una uhakika gani kisanduku kinachanganya? Kinagawa ujazo sawa, sawa. Lakini maji mazito yenye chumvi au asidi yanaweza kutambaa chini upande mmoja bila kuchanganyika, hasa usiku maji yakiwa machache. Mwaga ndoo ya maji ya chumvi kwenye mfereji unaoingia, kisha pima upitishaji umeme wa maji kwenye ncha zote mbili za kutokea. Ukiona tofauti, kisanduku chako kinadanganya. Jaribio halina gharama.

#25 Fundi_Beringi

Hili jaribio nimelipenda. Lifanye saa nane za usiku, si mchana.

#26 Mzalendo_Halisi

Mnazunguka sana. Kuna unga wa bakteria unauzwa kwenye pakiti. Mwaga kilo kadhaa, wiki moja filta imerudi. Mambo ya beringi waachieni makanika.

#27 Bint_Pangani

@Mzalendo_Halisi hapana, na naomba mtu asitumie pesa ya mji huko. Majitaka yenyewe yanaleta bakteria mabilioni kila dakika bila malipo. Filta haikosi mbegu, inakosa muda na mazingira. Wale wa haraka watarudi wenyewe ndani ya siku chache. Wale wa amonia ni wa polepole kwa asili yao, na pakiti nyingi zina bakteria wa kula mafuta na wanga ambao tayari mnao. Hata zikiwa na wa amonia, wametoka kwenye mazingira mengine na watasombwa kabla hawajashika jiwe.

Kama unataka mbegu, Filta 1 iko pale pembeni. Chukua maji yanayotoka Filta 1, rudisha sehemu yake juu ya Filta 2. Yana vipande vidogo vya utando wenye wakaaji wa majitaka yenu hasa.

#28 Mzalendo_Halisi

Mimi nimeona kwa macho yangu hotelini kwetu, septiki ilikuwa inanuka, tukaweka pakiti, harufu ikaisha. Sasa nikuamini wewe au pua yangu?

#29 Chura_wa_Masika

Pua nayo ni kipimo, mwacheni.

#30 Bint_Pangani

Septiki haina oksijeni kabisa na haiondoi amonia. Ni tatizo lingine.

#31 Mswahili_Trondheim

Salaam kutoka Norwe. Ninakofanya kazi hatutumii mawe, tunatumia vigurudumu vidogo vya plastiki vyenye kuta ndani, maelfu kwa maelfu, vinaelea na kuzunguka ndani ya tangi linalopulizwa hewa. Teknolojia ilianzia hapa hapa Trondheim mwishoni mwa miaka ya 1980. Plastiki ni nyepesi kidogo kuliko maji, kwa hiyo haizami wala haikai juu tu, na tangi linaweza kujazwa mpaka kama theluthi mbili.

Ninachotaka kusema kinahusu unene. Vigurudumu vinagongana, upande wa nje unasuguliwa ukabaki mtupu, utando unakaa ndani ulikokingwa, na kusuguana huko kunauzuia usinenepe sana. Mita moja ya ujazo ya mawe ina eneo la kama mita 50 hadi 70 za mraba. Vigurudumu vyetu ni kama 500. Lakini vinakula umeme wa kupuliza hewa mchana na usiku. Filta yako inapumua bure. Na hapo ndipo swali langu lilipo: filta yako inapumuaje? Matundu ya hewa ya chini ya Filta 2 yako wazi?

#32 ZamuYaUsiku

Nimetoka kuangalia sasa hivi. Filta 1 matundu wazi pande zote. Filta 2, upande unaotazama kilima, udongo umeshuka na nyasi zimefunika karibu nusu. Sikuwahi kulipa uzito.

#33 Mswahili_Trondheim

Basi ongeza na hili kwenye rundo. Hewa ndani ya filta inasukumwa na tofauti ya joto tu. Usiku wa baridi huko juu, maji yana joto kuliko hewa ya nje, hewa ya ndani inapata joto, inapanda. Mchana wa jua inageuka: maji yanaipoza hewa ya ndani, inakuwa nzito, inashuka. Katikati, asubuhi na jioni, kuna wakati joto linalingana na hewa inasimama. Ukiziba nusu ya matundu unaongeza hizo saa za kusimama. Filta nzima inakosa oksijeni, si tabaka la chini la utando peke yake. Umeona utando mweupe juu ya mawe au kwenye mifereji ya chini?

#34 ZamuYaUsiku

Mifereji ya chini ya Filta 2, ndiyo. Mweupe, kama nyuzi.

#35 Bint_Pangani

Hiyo inaweza kuwa Beggiatoa, bakteria wa nyuzi. Anaishi mpakani, mahali penye ile gesi ya yai viza upande mmoja na oksijeni kidogo upande mwingine. Kumwona huko ni ushahidi kwamba pumzi ni fupi. Asante kaka wa Trondheim, hewa sasa imepanda juu kwenye orodha yangu.

#36 Fundi_Beringi

Nyasi haziwezi kuota mara moja, zimekuwepo miaka. Beringi imebadilishwa msimu huu. Kilichobadilika ndicho chenye hatia.

#37 Babu_Mzizima

Vijana hamjambo. Nilifanya kazi hizi kabla ya kustaafu. Nawauliza, mbona hakuna aliyetaja konokono? Wapo konokono wadogo wa maji machafu wanaoingia kwenye filta na kula utando usiku na mchana. Wanamaliza hata wale bakteria wa amonia wa chini, ambao hawana mbio za kujirudishia. Filta inayotoka maji mazuri leo, baada ya konokono kuzaana amonia inarudi. Na mabuu ya wale vinzi wa bafuni wenye mabawa mapana, nao wanakula. Mkuu, chungulia Filta 2.

#38 ZamuYaUsiku

Shikamoo babu. Nimechungulia. Konokono wapo wengi, lakini wako Filta 1! Filta 2 ni wachache sana. Vinzi wako Filta 2.

#39 Babu_Mzizima

Marahaba. Basi geuza hoja yangu. Konokono wa Filta 1 wameikata utando ukabaki mwembamba, haukufika unene wa kuanguka. Filta 2 haikuwa na wa kuipunguza. Na sababu ya kutokuwa nao ni kule kukauka aliyokuuliza binti #12. Konokono walikufa kwa jua, vinzi wakarudi wa kwanza kwa sababu wanaruka.

Lakini usiwapende mno. Magamba yao yanajaa kwenye pampu na kwenye tangi la tope, nimeyatoa kwa koleo.

#40 Chura_wa_Masika

Tumeanza na mvua, tumefika kwenye ushujaa wa konokono. Uzi huu ni darasa.

#41 Mwanafunzi_Mwaka3

Mimi nilisoma kwamba bakteria wenyewe wanaweza kuamua kuondoka. Wanapeana ishara za kemikali, wakiona chakula kimepungua wanayeyusha ute wao na kuogelea. Kwa bakteria aitwaye Pseudomonas imeonyeshwa kuwa hata kiasi kidogo sana cha naitriki oksidi kinaamsha hilo. Na humo chini kwenye utando, wanaopumua naitreti wanapitia naitriki oksidi njiani. Haiwezekani Filta 2 iliamua yenyewe?

#42 Bint_Pangani

Wazo zuri na utafiti huo ni wa kweli, lakini ni wa spishi moja kwenye kioo cha maabara. Huku una mamia ya spishi, kuvu, protozoa na minyoo kwenye jiwe moja. Bakteria wanaojiondoa hutoka mmojammoja au vifundo vidogo, maji yangekuwa na ukungu. Kipande cha upana wa kiganja hakijajiamulia, kimeng'oka.

#43 Mwanafunzi_Mwaka3

Labda waliokuwa chini ndio walioyeyusha ute, wa juu wakang'olewa bila kuulizwa.

#44 Bint_Pangani

Hiyo siwezi kuikataa. Endelea kusoma.

#45 Mto_Tana

Kwa faida ya wasomaji, haya mambo ya filta yaligunduliwa lini? Nilisoma ni Manchester 1914.

#46 Babu_Mzizima

1914 Manchester ni tope lililoamshwa, kazi ya Ardern na Lockett pale Davyhulme: bakteria wanaoelea kwenye tangi la hewa, si wa kwenye mawe. Filta zilitangulia. Kituo cha majaribio cha Lawrence, Massachusetts, kilianza 1887, wakamwaga majitaka kwenye mchanga na kokoto wakaona kwamba uhai ndio unaosafisha, si mchujo. Salford nao wakafuatia miaka ya 1890. Na kiwango cha 20 na 30 ambacho mitambo mingi ya zamani ya Afrika Mashariki ilichorwa kukifikia, yaani miligramu 20 za BOD (oksijeni ambayo bakteria wanahitaji kuula uchafu) na 30 za chembe kwa lita, kilitoka kwenye Tume ya Kifalme ya Uingereza, ripoti ya 1912. Kilitegemea mto wa kuzimulia mara nane au zaidi. Mito yetu wakati wa kiangazi haina hayo maji. Hili lilinisumbua kazini miaka yote: tunafikia kiwango na mto bado unakufa.

#47 Kayole_Junction

Babu hapo #46 umegusa penyewe. Ngong na Mathare kiangazi ni majitaka matupu, kuzimua na nini?

#48 Mkulima_wa_Sato

Swali dogo kwa dada. pH, kipimo cha asidi ya maji. Kwangu amonia ikigoma huwa pH imeshuka. Naweka magadi kidogo, inarudi. Filta 2 imepimwa?

#49 Bint_Pangani

Umenikumbusha jambo la maana. Kila gramu ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa inakula kama gramu 7 za ualkali (uwezo wa maji kuhimili asidi), ukihesabu kama kalisi kaboneti, na inahitaji oksijeni kama gramu 4.6. Miji ya nyanda za juu inayokunywa maji laini ya mito ya milimani ina ualkali mdogo tangu bombani. Chokaa au soda ya Magadi inasaidia. Lakini hiyo inaeleza amonia, haielezi utando kuanguka.

#50 ZamuYaUsiku

pH ya kutoka Filta 1 iko chini kidogo ya 7, Filta 2 iko juu zaidi. Nadhani ni kwa sababu huko hakuna anayekula ualkali kwa sasa.

Nimefyeka nyasi na kuzoa udongo kwenye matundu. Jaribio la chumvi tumelifanya usiku kama alivyosema fundi. Tofauti ipo, ila ndogo, na imekuja upande wa Filta 1, siyo 2! Nimeomba pia tugeuze nozeli mbili za Filta 2 ili ipunguze mwendo. Mkubwa amekubali nozeli, amekataa kurudisha maji ya Filta 1 kwa sababu ya umeme wa pampu.

#51 Msomaji_Kimya

Tofauti ndogo usiku mmoja haiondoi sumu. Wamwagaji hawaji kila siku. Rudia ukiwa na mtungi wa kuchukua sampuli kila saa, na uangalie rangi.

#52 Mswahili_Trondheim

Mkuu, umefyeka nyasi na unageuza nozeli wiki moja. Ikipona, hatutajua ni kipi. Ungeanza na kimoja.

#53 ZamuYaUsiku

Naelewa, lakini chini ya mtambo wetu kuna watu wanachota mtoni. Siwezi kuwasubirisha ili nipate jibu safi.

#54 Fundi_Beringi

Sahihi kabisa. Ukigeuza nozeli, hesabu mizunguko kwa saa ya mkononi kabla na baada, na utupe namba. Na wale vinzi: watu watakushauri uifurike filta masaa 24 ili mabuu wafe. Kagua kuta kwanza. Filta nyingi za zamani hazikujengwa kubeba maji yaliyojaa, ukuta unaweza kufunguka.

#55 Babu_Mzizima

Nyongeza kwa fundi. Toa jiwe moja moja kutoka kina tofauti, juu, katikati na karibu na sakafu ukiweza kufika, filta zote mbili, kila wiki. Pima unene wa utando kwa rula na andika rangi ya upande wa jiwe. Mimi nasema Filta 1 itakuwa nyembamba na yenye alama za meno ya konokono. Fundi atasema ni mwendo wa mkono.

#56 Fundi_Beringi

Nitasema hivyo.